Stakabadhi ya Dola Kumi na Tano

Bi Hruska,
hundi yako imefika Jumanne, imekunjwa mara nne
ndani ya kadi ya Pasaka ya mwaka juzi.
Sheria inanitaka nikuandikie stakabadhi:
kiasi, tarehe, na kwamba hukupokea kitu badala yake.

Kiasi: dola kumi na tano.
Tarehe: unaijua, theluji ya Youngstown ilikuwa bado hadi magotini.
Hilo la tatu, kalamu inasita.

Kwa fedha yako nilitia petroli
nikafika Zanesville kwa Darla Pruitt,
afungaye maboksi ghalani usiku kucha.
Maswali thelathini na mawili.
La kumi na tisa: mwezi uliopita,
je, uliwahi kujinyima ili mtoto ashibe?
Akacheka. "Mwezi upi? Chagua."
Fomu yangu haina kisanduku cha kicheko.
Nikatia alama kwenye ndiyo.

Mwanawe Wendell, wa darasa la pili,
alikuwa akihesabu kwa vidole ujira wa mama yake:
toa nauli, toa wa yaya, toa kodi,
vidole vikaisha, akaanza kukopa vyangu.
Mwalimu kasema kusoma kunamshinda.
Hesabu, nimeshuhudia, haimshindi.

Ulinisimulia miaka ile ya jiko la shule:
mtoto mwenye deni ananyang'anywa sinia,
anapewa mkate baridi na kipande cha jibini,
na chakula chake cha moto kinamwagwa akitazama.
Ukaandika majina nyuma ya daftari la mapishi.
Mia mbili na sita.
Majina nimeyafuta, ndiyo kanuni. Nimebakiza idadi.
Usinichukie. Huku Columbus, mbele ya kamati,
jina hupewa pole, likapita;
idadi huulizwa maswali.

Wiki jana mheshimiwa mmoja aliipima ripoti yetu
kiganjani, kama boga,
akasema ni nene. Hakuifungua.
Jirani yake akaifungua: ukurasa wa sitini na moja,
tanbihi ya nane, herufi kama punje za ulezi,
*chanzo: daftari la mpishi.*
"Mpishi gani?"
Sina ruhusa ya kukutaja.
Nikasema: yu hai, na bado anachangia.

Basi mstari wa tatu nimeuandika wapendavyo:
hukupokea kitu.

Nina swali moja, langu, si la fomu.
Ile supu ya maharage ya watoto mia tatu,
chumvi ni vikombe viwili au vitatu?
Tone la mafuta limekula tarakimu.