Mia Nne

Saa kumi na moja alfajiri, mjini Tartu,
nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri.
Leelo anafungua kifuniko cha kompyuta
aliyoilaza jana kwa kidole kimoja.
Skrini inawaka. Nywila inapita.
Kisha kila herufi anayoipiga
inachelewa, kama mgeni anayepangusa viatu mlangoni:
mguu wa kushoto.
Halafu wa kulia.

Kumekucha, anaiambia,
usingizi wa pono ulikwisha.

Jedwali la kina cha mto linajifungua mstari mmoja mmoja.
Chai inapoa. Anauliza kwa amri fupi:
unakwenda kasi gani?
Megahezi mia nne.
Viini vyote vinne, mia nne, mia nne,
ilhali jana vilikimbia elfu tatu na ushee.

Anambadilisha gavana, aache kubania, aachilie mbio.
Gavana anaitika ndiyo.
Mia nne.
(Magavana ndivyo walivyo.)

Anapima joto: nyuzi thelathini na moja.
Feni imenyamaza. Chuma kimepoa chini ya kiganja.
Mashine ya baridi
inatembea kama inayoungua.

Nani kakwambia unaungua?

Anafuata waya kwa macho, kutoka ubavuni mwa mashine
hadi chini ya meza, kwenye chaja ya kuazima
aliyoiachia Taavet, ya kampuni nyingine,
yenye pini ya katikati iliyopinda.
Huyo ndiye aliyenong'ona usiku, mashine ikizinduka:
moto, moto, nenda taratibu.
Na kichakataji, mtiifu, kikaamini.

Anachomoa.
Mia nane. Elfu moja na mia sita.
Elfu tatu na mia moja, na jedwali lote
linamwagika mbele yake, safu mia saba za maji.

Anacheka peke yake.
Anakata kipande cha plasta, anakibandika kwenye chaja,
anaandika juu yake kwa kalamu ya wino: MWONGO.

Simu inatetemeka. Virve, dada yake:
Usiende mtoni leo, mwachie Taavet kekee,
barafu ni nene, kumbuka moyo wako.
Tangu Machi humpokonya hata ndoo ya majivu.
Daktari alishasema Juni: moyo mzima. Panda ngazi.

Leelo anaisoma mara mbili.
Anaweka kidole shingoni, anahesabu.
Kisha anavaa buti,
anabeba kekee begani,
na ngazi anazishuka
mbili mbili.