Chupa ya Baba

Mapigo ishirini ya wavu kila jaruba,
kabla umande haujakauka.
Ndiyo kazi niliyopewa na yule mwanafunzi wa Yogyakarta
mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi:
piga, kunja, mimina kwenye spiriti,
bandika karatasi, andika jina la mwenye shamba.

Jina la kwanza, shangazi Ngatirah.
Kingo za jaruba lake kazipanda ufuta na kunde,
na wapitao humtania: "Mama, mpunga umeuficha wapi?"
Chupa yake ilinila asubuhi nzima.
Buibui wa miguu mirefu, wa rangi nne.
Nyigu wembamba kuliko unyusi.
Kerengende mchanga, mabawa bado mabichi.
Mbawakawa mwekundu wa madoa sita,
tunutu, inzi wa kijani, vitu visivyo na jina kwetu,
na vunjajungu mmoja, mikono kifuani,
aliyenitazama kupitia kioo
kama mdai aliyewahi kufika.
Huyo nilimwachia. Sayansi inisamehe,
nina chungu kimoja tu nyumbani.

Jina la pili, Sardi wa mabata.
Mabata mia na kumi hawana mchujo,
rafiki na adui hupita koo moja.
Chupa yake: unyoya, konokono,
na mdudu wa maji aliyemzidi bata mbio.

Jina la tatu ni la baba.
Baba hupuliza dawa kila Jumatatu,
bomba mgongoni, kitambaa puani,
na hupuliza tena akiota kwamba majirani wamepuliza.
Jaruba lake limenyooka kama daftari jipya.
Nilidhani chupa itatoka tupu.
Ilijaa hadi shingoni.

Akaiinua juani, akacheka:
"Kamwambie shangazi yako nani ana wadudu wengi!"

Nikawahesabu kwa ncha ya sindano, juu ya sahani nyeupe.
Mia sita arobaini na mmoja.
Mia sita na arobaini walikuwa kitu kimoja:
wereng, kidudu cha kahawia
kisichozidi punje ya ufuta,
kinyonyacho bua mpaka life limesimama.
Aliyebaki alikuwa mbu.

Usiku nikamsomea.
Kwa shangazi, aina thelathini na saba.
Kwako, baba, aina mbili.
Mama akazima redio.
Nikasema: mayai yake hulala ndani ya ala ya jani,
dawa hupita juu,
na juu ndiko wakaako wanaomla.
Baba akaendelea kuchambua mifupa ya samaki
ambaye alikwisha kumla.

Mwezi wa nane duara la kahawia
likatokea katikati ya jaruba letu,
likatambaa kama chai iliyomwagika kitambaani.
Alilizunguka siku tatu, bomba tupu mgongoni.

Ya nne, jioni, nikamkuta kwa shangazi,
kachuchumaa, kidevu kwenye mpunga.
"Huyu anaitwaje?"
"Hana jina. Ana namba."
"Ngapi?"
"Kumi na tisa."
Akamkaribisha buibui kiganjani,
akavuka naye ukingo polepole,
kama mtu aliyeazima yai.
Akamweka kwenye jani letu.

Kumi na tisa akasimama, akapima upepo,
akarudi mbio kwa shangazi.

Baba akavuka tena.
Akainama.