Picha ya Thelathini na Sita

Filamu moja, picha thelathini na sita.
Watoto wa darasa la tatu, thelathini na mmoja.
Nilipiga hesabu juu ya kaunta ya studio, Ngamiani,
nikaona zinatosha, na akiba tano:
moja ya mwalimu, moja ya dereva,
tatu za ajali, maana mtoto hupepesa jicho
papo hapo unapobonyeza.

Makubaliano: kila mtoto na simba.
Mwalimu Semkiwa alisema "na simba" mara nne.
Wazazi wamekwisha toa fedha.

Lakini simba wa bustani ya Pongwe alitupa mgongo.
Tulimwita. Tulimpigia miluzi.
Mbwana, mshika funguo, akagonga chuma kwa sufuria;
simba akajikuna sikio, akaendelea kutuonyesha mkia.
Basi, nikasema, mkia nao ni simba.
Jipangeni.

Dereva. Mwalimu. Watoto ishirini na watano, hakuna aliyepepesa.
Hapo ndipo Mwantumu aliponyoosha kidole.

Alikuwa wa mwisho kwenye foleni,
viatu vya kaka yake miguuni, vimejazwa gazeti.
Hakusema neno.
Nikafuata kidole mpaka kwenye tundu la kasuku.

Tundu tupu. Kibao kingali pale:
KASUKU. HULA MBEGU. USIMGUSE.
Kasuku alikufa masika, alinambia Mbwana,
na tundu nalo limetoboka tundu,
hela ya wavu haijaja.
Na juu ya kijiti cha marehemu
ametulia mdiria,
mdomo mwekundu kama pilipili ya kukausha,
mgongo wa buluu, si buluu ya sare, si ya mbingu,
buluu ya jiko la mafuta ya taa
siku utambi umekatwa vizuri.
Aligeuza shingo huku na huku
kama mtu aliyekuja kupanga chumba
anakagua dari.

"Huyo si wetu," alisema Mbwana, anamenya muhogo.
"Wa huko mikokoni huyo, hujipitia tu.
Usimhesabu."

Sikumhesabu. Nilizihesabu picha.
Ya ishirini na nane, ishirini na tisa, thelathini:
zile tatu za ajali.
Na ajali ndiyo hii.

Kisha nikarudi kazini. Mkia, mtoto. Mkia, mtoto.
Thelathini na tano.
Mwantumu akasogea, akavuta kola, akabana midomo,
nami nikamweka katikati ya kioo, simba nyuma yake,
na mara kile kidole kikanyanyuka tena.

Sijui ni mkono wangu au ni kichaa changu.
Niligeuka nikabonyeza.

Ilipoisha nikamrudisha mbele ya simba.
"Tabasamu," nikasema.
Nikajifanya nabonyeza.
Akatabasamu vizuri kuliko wote,
meno mawili hayapo,
mbele ya kamera isiyokuwa na kitu.

Filamu ikasafishwa.
Zile tatu za kwanza, wavu umetoka safi,
kitanzi kwa kitanzi, hata kutu yake;
mdiria ni doa.

Bi Kijakazi alikuja Jumamosi na harufu ya bagia,
akapitisha macho kwenye bahasha, akarudia.
"Wangu yuko wapi?"
Nilikuwa nimeandaa uongo. Ulikuwa mzuri, wenye mvua ndani yake.
Nikampa ya thelathini na sita.

Mdiria anachomoka tunduni, panzi mdomoni,
mabawa yamefunguka kama kitabu kilichodondoka,
na pembeni, kwenye ukingo wa picha,
kidole, hina ya Idi bado haijafutika,
na kovu dogo la wembe.

Akaisogeza mlangoni penye mwanga.
Akakaa nayo kitambo, watu wawili wakapita wakamwamkia, hakuitika.
"Na simba?"
"Nilimpa mgongo."
Akacheka puani.

Alibakiza mia nne, akanilipa mbili.
"Kidole," alisema, "si mtoto mzima."
Akaitia picha kwenye pindo la kanga, akafunga fundo,
kule kule anakofunga hela.