Sauti ya Kazini

Simu ya arubaini na moja, na saa sita haijagonga.
Nje ya kioo Ulaanbaatar imeganda pamoja na moshi wake,
nyuzi thelathini chini ya sufuri,
na mwanamke wa ghorofa ya tisa ananiuliza
kama nimewahi kusikia baridi, mimi,
au nilizaliwa sikio tupu.

"Pole sana, mama. Nimeandika. Fundi yu njiani."
"Jina lako nani?"
"Solongo."
Ananitajisha herufi kwa herufi.
Naisikia kalamu yake ikinichimba.

Pole hii si yangu. Nilipewa pamoja na kitambulisho
na kiti kinacholia. Ina kipimo chake:
isiwe fupi ikaonekana kiburi,
isiwe ndefu ikageuka ahadi.
Naichota asubuhi kama unga wa kukopa,
na kufika jioni najua vimebaki vibaba vingapi.

Yeye ana bomba la joto lililopoa tangu alfajiri.
Mimi sina bomba. Ninakolala, kule mlimani,
ni hema la sufu na jiko la makaa katikati,
na mama aamkaye saa kumi usiku kulilisha
kama kitoto kichanga.
Hilo sikumwambia.
Mteja hana haja na unakolala.

Badamkhand, meza ya pili, huzima kipaza sauti
akatukana kwa maneno ya wachunga ngamia wa kwao,
tusi refu, lenye mikia miwili,
kisha hukiwasha: asali.
Temuulen, yule mgeni, alilia chooni wiki nzima.
Sasa halii tena, na ndiye anayenitia hofu.
Mimi nina kifundo cha kondoo mfukoni,
mfupa wa mchezo wa utotoni, umelainika kwa vidole.
Wakifoka nauzungusha:
farasi, ngamia, kondoo, mbuzi.
Tusi la mwisho likiangukia farasi, siku haikuharibika yote.

Jioni basi likanishusha penye kibanda cha maji,
mimi na madumu yangu mawili, na foleni, na upepo.
Mvulana akafungua kijidirisha:
mpira umeganda, tungoje nusu saa.

Nikasikia mtu anafoka.
Nusu saa ipi, kila siku nyinyi,
hivi wewe baridi unaijua?
Na mvuke wa maneno hayo
ulikuwa unatoka kinywani mwangu.

"Pole sana, dada. Najaribu."

Si fupi. Si ndefu.
Ningeijua hata usingizini.
Mkono wake mmoja ulikuwa chini ya ubao wa dirisha,
na bega lilitikisika kidogo, kidogo,
kama la mtu anayezungusha kitu.

Radhi sikuomba; nilizoea kuitoa kwa mshahara,
ya bure sikujua inaanzia wapi.
Nilisimama tu pale, nikakinga upepo kwa mgongo
usiingie kijidirishani kwake,
na dumu la kwanza lilipojaa
nikamwuliza jina.

Akaurudisha mkono ndani.
"La nini?" akasema.