Presha ya Kushuka

Ikiwa baridi, mshale unasimama thelathini na tano,
wima, kama askari aliyeona gari la mkubwa.
Ikipata moto, Veyula kwenda na kurudi,
mshale unalala, taa nyekundu inakonyeza,
na Chibago ananiuliza kwa upole unaouma:
"Fundi, injini umeifumua yote, umeifunga upya.
Hii presha ya kushuka imetoka wapi?"

Agosti, Kizota. Upepo unapiga mabati,
vumbi linaingia hata kwenye chai.
Hombolo zabibu zimeiva, kreti zinangoja chini ya turubai,
na pikapu ya kuzibeba iko kwangu, juu ya mawe.

Nilianza kwa kumshuku shahidi: swichi ya oili.
Nikaing'oa, nikafunga geji ya shaba,
ile isiyojua kumfurahisha mtu.
Tano, ikasema. Tano.
Nikailaumu oili, nyepesi kama uji wa mgonjwa.
Nikamwaga, nikatia nzito. Saba.
Nikailaumu filta. Nikailaumu springi ya pampu,
nikaipima kwa rula ya mwanangu wa darasa la nne: haina kosa.
Nikamtuma Chibago Barabara ya Saba kwa hela ya mbolea,
akarudi na pampu mpya ndani ya boksi lake.
Saba vilevile.
Nikampigia simu aliyechonga kranki,
nikamwambia maneno ambayo bado sijayarudisha.

Sechelela alikuwa kimya siku zote hizo.
Mwaka wa pili huu anaosha vyuma vyangu kwa dizeli,
vidole vyake vinajua nyufa kuliko macho yangu.
Ndiye aliyesema: "Fundi, tuinyweshe bila kuiwasha."

Basi Chibago akaleta bomba la kunyunyizia mizabibu,
bado linanuka salfa. Tukaliosha, tukalijaza oili,
mpira wake tukauchomeka pale geji ilipokaa.
Sampu chini. Kifuniko cha mbele nje.
Mimi chali juu ya boksi, tochi mdomoni.
Sechelela akapampu.

Beringi zikatoa tone. Kimya. Tone.
Ndivyo inavyotakiwa: beringi nzima hutoka jasho, hailii.
Lakini kule mbele, nyuma ya gia za taimingi,
oili ilichuruzika kama mkojo wa mbuzi,
ikirudi zake kwenye sampu bila kumwaga hata tone nje.
Wiki mbili nilikuwa nikikagua mchanga chini ya gari,
nikiuona mkavu, nikitulia.

Tundu tupu. Kizibo hakipo.

Nikakumbuka. Siku ya kufunga injini simu iliita:
mama yuko General, presha imepanda, mia mbili na kitu.
Sechelela akaja, kiganja wazi:
"Fundi, hiki kinakaa wapi?"
"Weka, tutakiona," nikasema, mguu mmoja kwenye bodaboda.
Usiku niliporudi nilifunga kifuniko kwa mwanga wa simu.

Alikwenda kwenye rafu, akarudi na kiberiti.
Ndani, katika kipande cha gazeti,
shaba ndogo kama punje ya karanga.
Hakusema, si nilikuuliza.
Alisema: "Meno yake bado mazima."

Nilikifunga mwenyewe. Robo, robo tena,
mpaka mkono ukakataa.

Leo Veyula kwenda na kurudi, injini moto, inanguruma polepole:
ishirini na nane.
Chibago amemshukuru Mungu, halafu Sechelela, halafu mimi.
Hela ya pampu nimemrudishia nusu.
Mchonga kranki hapokei simu yangu.

Jioni mama anameza kidonge chake, anauliza
gari la yule bwana wa Hombolo lilikuwa na nini.
Presha, namwambia.
"Ya kupanda?"
Ya kushuka, mama.
Anaweka kikombe chini.
"Mngekuja kwangu," anasema, "mimi nilikuwa na ya ziada."