Rangi Inayovuka Kiganja

Umeme ulikatika Jumanne, Moshi ikazama gizani,
na Ndeshi akawasha tochi ya simu, akaifumba kiganjani.
“Mama, mbona vidole vimekuwa vyekundu tu?
Rangi nyingine zimekwenda wapi?”
Damu imezila, nikamwambia.
Damu ni mtoza ushuru: buluu, kijani, njano,
zote hunyang’anywa getini.
Nyekundu pekee humponyoka.
Akaridhika, akalala.

Mimi sikulala.
Kimulimuli wa migombani kwetu Kibosho
ana taa ya kijani-njano, tamu machoni,
lakini izike chini ya ini la panya:
haifiki hata kwenye ngozi.
Basi tunayachukua mafuta ya taa yake, lusiferini,
tunayavuta. Kaboni mbili, kiungo maradufu,
kisha mbili tena.
Mnyororo ukirefuka, wimbi nalo hurefuka,
rangi huiva kama buni mtini,
kijani, njano, nyekundu,
na ukizidisha, hudondoka.

Nambari tisa iligoma kuyeyuka majini.
Ya kumi na saba ilikataliwa na kimeng’enya
kama kitasa kinavyoukataa ufunguo wa jirani.
Ya ishirini na mbili iling’aa vizuri sana,
dakika moja.

Shangazi Anansia walimpasua, wakamfunga.
“Kilijificha nyuma ya kongosho,” daktari alisema.
Hilo *kilijificha*
nimetembea nalo miaka kumi na mmoja,
sokoni Kiboriloni, kanisani, maabara.

Ijumaa, nambari thelathini na moja.
Aikaruwa akamdunga panya wa nne
(amempa jina, nami nimemkataza kuwapa majina),
akamlaza kwenye sanduku jeusi, akafunga mlango.
Tuliochungulia kwa macho hatukuona kitu.
Kamera, iliyogandishwa ili isijidanganye,
ikahesabu, ikahesabu,
kisha kwenye skrini, chini ya ini,
pale pale tulipozipanda zile seli:
nukta, punje ya ulezi.
“Hitilafu?” Aikaruwa akauliza.
Tukarudia. Punje ile ile.
Hatukushangilia. Panya mmoja si ushahidi,
na Jumatatu kuna wengine watano.
Aikaruwa alikwenda kunawa mikono, akakawia.

Nyumbani Ndeshi alinisubiri mlangoni.
“Umeipata rangi yako?”
Nadhani.
“Inapendeza?”
Nikavua viatu kwanza.
Sijui, mwanangu. Ipo ng’ambo ya nyekundu,
jicho haliifikii.
Sijawahi kuiona.