Jumapili Kabla ya Tingatinga

Kesho saa moja asubuhi nitalifukia bwawa hili.
Nimeshatia sahihi. Mashine ni ya kampuni,
mkono ni wangu.

Leo wenye kusali wako kanisani,
mke wangu Loretha miongoni mwao, na kofia yake ya manjano.
Anajua niliko. Ameamua kutouliza.

Bwawa lenyewe si kitu. Ukirusha jiwe
litatua ng'ambo, kwenye matete.
Hollis Teague alilichimba kwa ajili ya ng'ombe
mwaka ule ardhi ya Alabama ilipopasuka kama kisigino,
akatia humo besi thelathini, wadogo kama kidole cha mwisho.
Ng'ombe hawapo sasa. Hollis hayupo.
Mwanawe amehamia Atlanta, na hapa patajengwa ghala
la viti vya plastiki.

Nami nina plastiki yangu mfukoni:
nyungunyungu wa mpira, rangi ya zambarau iliyoiva,
laini kama ndewe la sikio.
Humtungi hivi hivi. Unapitisha ncha ya ndoana kichwani,
unaitoa, unaigeuza, unaizika tena tumboni
isionekane, isinase majani.
Chuma kimelala ndani ya ulaini.
Nimewahi kufanya kazi na watu wa namna hiyo.

Rusha kando ya yungiyungi. Acha azame,
azame, mpaka mshipi ulegee,
mpaka uyahisi matope kwa vidole.
Kisha mwinue kidogo, kama unavyoinua kifuniko
kuchungulia wali. Mrudishe.
Subiri.
Kosa la wengi ni kumchezesha mno.
Nyungunyungu wa kweli hana haraka ya kufa.

Halafu: tk. Tk.
Mtoto anagonga mlango wa chumba kisicho chake.
Mshipi unaanza kwenda upande, na upepo hakuna.
Shusha fimbo. Meza mate.
Sasa!

Anatoka majini kinywa wazi, ungeweza kuingiza ngumi,
anatikisa kichwa: sitaki, sitaki, sitaki,
na mgongo wake wa kijani unanimwagia jua usoni.

Miaka kumi na mmoja nimewashika na kuwaachia papa hapa.
Leo siwaachii. Leo ninao boksi la barafu lisilo na barafu,
maji ya bwawa, pampu ndogo ya betri inayokoroma,
na maili mbili za barabara ya vumbi
hadi kwa Bi Eunetta Crumley, aliyeniambia:
"Walete. Ila wakinimalizia vyura, nitakudai."

Nimewadanganya kwa raha yangu miaka yote hiyo.
Leo nawadanganya kwa faida yao.
Nyungunyungu ni yule yule.
Wao watajuaje?

Saa sita mchana, tisa. Jua linapoinama, kumi na wanne.
Mmoja alikufa njiani; nimemfunga kwenye gazeti
na sitamla.

Bado Shemasi.
Nilimpa jina kwa jinsi anavyokunja uso,
na lile kovu shavuni, kazi ya ndoana yangu ya zamani.
Yuko chini ya gogo. Amegonga mara mbili
na mara mbili amemtema, kama mtu aliyeonja mchuzi
akakumbuka mpishi ni nani.

Giza limeingia. Nyungunyungu wamebaki wawili,
mmoja amekatika mkia.
Namfunga huyo huyo mwenye kasoro.
Narusha kwa kusikiliza: plop,
karibu na gogo, au juu yake, sijui.
Nasubiri hadi umande unalowesha magoti.

Hakuna.

Basi kesho nitaanzia upande wa maji mafupi,
nisukume udongo taratibu, kijiko kwa kijiko,
msimamizi alalamike atakavyo.
Na fimbo nitailaza nyuma ya kiti,
ikiwa imeshafungwa tayari.
Chakula cha mchana ni nusu saa.
Nusu saa ni nyingi.